Namna ya kuonyesha vichekesho vya zamani Manundu

Mtu anayetaka kuwaonyesha watoto wake, wanafunzi wake au wateja wa banda lake la video filamu za vichekesho za zamani huanza mara nyingi kwa kutafuta orodha ya filamu bora za dunia. Anachukua iliyo juu kabisa, anaiweka, na baada ya dakika kumi nusu ya watazamaji wameshika simu. Kosa haliko kwa watazamaji wala kwa filamu. Orodha zile ziliandikwa na watu wanaokisikia Kiingereza tangu utotoni, na nyingi ya filamu zinazosifiwa humo zinachekesha kwa maneno: majibizano ya haraka, lafudhi za mitaa ya New York, utani juu ya watu waliokuwa maarufu miaka ya 1930. Ushauri wangu kwa msomaji wa Manundu hapa mjini Korogwe, na kwa Korogwe na Handeni kwa jumla, ni kuiacha orodha hiyo na kuchagua filamu kwa shida anayokumbana nayo mhusika. Kichekesho kinachodumu ni kile ambacho mtu mnyonge anang'ang'ana na kitu kinachoonekana kwa macho: ngazi, mashine, treni, njaa, bosi. Shida hiyo haihitaji mkalimani, na haichachi. Ukiishika kanuni hii moja, mengine yote ya kupanga na kuonyesha yatakuwa mepesi.

Ushahidi wa kwanza uko karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Juu ya Korogwe, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, palikuwa na makao ya mradi wa filamu kati ya mwaka 1935 na 1937. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliongozwa na Meja Notcutt pamoja na Latham aliyesimamia upande wa elimu, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Wakatengeneza filamu fupi 35, wakazipakia kwenye lori na kuzizungusha Afrika Mashariki na kwingineko. Zilihusu minyoo, mifugo, kilimo, chai, na faida ya kuweka akiba posta. Ndani yake walikuwamo watu wa kwetu wakiigiza, lakini hadithi ilikuwa imekwisha kuamuliwa: kuna mjinga na kuna mwerevu, na mwerevu ni yule anayefuata alichosema bwana. Mwaka 1936, wakati kazi hiyo ikiendelea Vugiri, Charlie Chaplin alitoa Modern Times kule Marekani. Leo filamu za Vugiri zinatafutwa na watafiti peke yao. Modern Times bado inavunja watu mbavu. Tofauti haikuwa fedha tu. Filamu za Vugiri zilimtazama mtu wa chini kutoka juu na kumhubiria. Chaplin alisimama upande wa huyo mtu wa chini na kuigeuza kamera imtazame bosi.

Ushahidi wa pili tunao kwenye televisheni zetu wenyewe. Kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Orijino Komedi, lilitikisa nchi katika miaka ya 2000. Joti, Masanja, Mpoki na wenzao waliwaiga wanasiasa na watangazaji kwa ustadi mkubwa. Chukua vipande vile leo umwekee kijana wa kidato cha pili. Pale wanapomwiga kiongozi fulani, utalazimika kusimamisha na kumweleza huyo alikuwa nani, alisema nini bungeni, na kwa nini watu walicheka. Kichekesho kinachohitaji maelezo kimekwisha nusu. Lakini pale Joti anapogeuka bibi na kutembea kibibi, kijana yule yule anacheka bila kuuliza. Hali ni hiyo hiyo kwa marehemu Amri Athumani, King Majuto, mtoto wa Tanga aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018. Sehemu kubwa ya ucheshi wake haikuwa katika maneno ya mwandishi. Ilikuwa usoni, katika kile kimya chake kabla ya kujibu, katika namna alivyokaa kitini kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba hatoi hata senti. Majuto hana haja ya kutafsiriwa, na ndiyo sababu nasema mtazamaji wa mkoa wa Tanga amekwisha kupata nusu ya mafunzo ya kuangalia filamu bubu bila kujua.

Basi anza na filamu fupi, na fupi ninayoiweka mbele ya zote ni The Music Box ya mwaka 1932, ya Stan Laurel na Oliver Hardy, mwembamba na mnene. Haifiki dakika 30. Ina sauti, lakini mazungumzo yake ni machache na hayabebi hadithi. Watu wawili wenye mkokoteni wa farasi wametumwa kupeleka piano kwenye nyumba iliyo juu kabisa ya ngazi ndefu ya nje. Piano iko ndani ya sanduku la mbao. Wanaisukuma hatua kwa hatua, na kila wanapokaribia kupumua anatokea mtu: yaya mwenye kigari cha mtoto, askari, profesa mwenye hasira anayedai apishwe. Kila mara sanduku linateremka lenyewe mpaka barabarani, huku muziki ukilialia ndani yake, na wao wanalikimbiza. Angalia mikono ya Hardy. Kabla ya kunyanyua anarekebisha tai, anavuta pumzi, anamtazama mwenzake kwa uchungu, kisha anatutazama sisi moja kwa moja, kana kwamba anaomba shahidi. Hatimaye wanafika juu, na mtu wa posta anawaambia kwamba kulikuwa na barabara ya kuzunguka. Wangeweza kuleta mkokoteni hadi mlangoni. Na wao wanaichukua piano, wanaiteremsha ngazi zote hadi chini, ili waipandishe upya kwa barabara. Yeyote aliyewahi kubeba kabati na mwenzake kupita kwenye korido nyembamba anaijua safari hiyo. Filamu hii ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya vichekesho, ya kwanza kutolewa kwa aina hiyo, na iliistahili.

Ya pili iwe The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926, kwa sababu Korogwe ni mji wa reli. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mji ukakua kando yake, na mwaka 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi kupita hapa baada ya miaka mingi ya ukimya. Watazamaji wako hawana haja ya kuelezwa treni ni nini. Keaton ni dereva wa garimoshi lililoibwa na majasusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye analifukuza kwa miguu, kwa baiskeli, kisha kwa garimoshi jingine. Hacheki hata mara moja filamu nzima, na uso ule usiobadilika ndio unaotuchekesha. Mapema katika filamu anakaa kwa huzuni juu ya chuma kinachounganisha magurudumu. Injini inaanza kwenda, chuma kinampandisha na kumshusha, naye hajui. Alikaa pale kweli, kwenye chuma kizito, bila mbadala na bila ujanja wa kamera. Baadaye garimoshi zima linaanguka mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua, na hilo nalo ni garimoshi halisi lililoangushwa kwenye mto wa kweli kule Oregon. Waambie vijana hivyo kabla ya kuanza, kwa sababu wamezoea picha zinazotengenezwa kwa kompyuta na hawatadhani. Waambie na jingine: shujaa wa filamu hii yuko upande wa majimbo ya kusini, yaliyopigana ili utumwa uendelee. Filamu yenyewe hailigusi jambo hilo, kwa hiyo mwenye kuonyesha aliseme.

Modern Times naiweka ya tatu, ingawa kwa mji huu pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote. Korogwe imezungukwa na mashamba ya mkonge, na mtu yeyote aliyefanya kazi korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, au aliyelelewa na mfanyakazi wa korona, anajua maana ya mashine isiyokusubiri. Majani yanakuja kwenye mkanda, na mwendo wa mkono unaamuliwa na mkanda. Chaplin yuko kwenye mkanda kama huo akikaza nati. Akijikuna, kazi inampita. Akitoka kwenye mstari, mikono yake inaendelea kukaza hewa yenyewe. Kisha bosi analetewa mashine ya kumlisha mfanyakazi akiwa kazini, ili saa ya chakula ifutwe, na Chaplin ndiye wa kujaribiwa. Mwanzo mambo ni shwari: bakuli la supu linainuka, mkono wa chuma unasukuma vipande mdomoni, na kitambaa cha kufutia mdomo kinakuja taratibu, kwa adabu kabisa. Kisha gunzi la mahindi linaanza kuzunguka mbele ya meno yake, mashine inapata hitilafu, na mahindi yanazunguka kwa kasi ya kusaga mbegu na pua pamoja. Mafundi wanakagua mitambo. Hakuna anayemkagua mtu. Wanasahau hata nati kwenye sahani, nayo mashine inamlisha nati. Bosi anaikataa mwishoni kwa sababu haifanyi kazi vizuri. Kwamba ilimtesa mtu hakuna anayelitaja. Sijui kama iko hotuba ya chama cha wafanyakazi iliyowahi kulisema jambo hilo waziwazi kuliko dakika hizo chache za kicheko.

Tazama pia jinsi Chaplin alivyotumia sauti. Filamu zenye mazungumzo zilikuwa zimetamba tangu mwaka 1927, na wenzake karibu wote walikwisha kuhamia huko. Yeye alitoa City Lights mwaka 1931 bila mazungumzo, na katika Modern Times maneno yanayosikika yanatoka zaidi kwenye vyombo: skrini ya bosi, sahani ya santuri, redio. Mwishoni yeye mwenyewe anaimba, na maneno ya wimbo wake hayana maana katika lugha yoyote. Hadithi yote inajulikana kwa mikono na macho. Alijua kwamba siku atakapofungua kinywa na kusema Kiingereza, watu wa lugha nyingine watakuwa wamefungiwa mlango. Kwa watu wa Manundu uamuzi huo una faida ya moja kwa moja: filamu ya mwaka 1936 inawafikia bila kumhitaji mtu wa kati.

Wakishapenda hizo tatu, unaweza kupanua. Raj Kapoor alimchukua yule maskini wa Chaplin akamvalisha Uhindi katika Shree 420 ya mwaka 1955, kijana mwaminifu anayefika Bombay na kuweka rehani nishani yake ya uaminifu. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi za Tanga na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na wazee wengi wataimba nyimbo za Shree 420 kabla hazijaanza. Jour de fête ya Mfaransa Jacques Tati, ya mwaka 1949, inamhusu mpeleka barua wa kijijini anayetaka kugawa barua kwa kasi ya Wamarekani akiwa na baiskeli yake ya zamani. Waendesha bodaboda wataipenda. Zile za maneno mengi, kama Duck Soup ya ndugu wa Marx au Some Like It Hot, ziache hadi mwisho kabisa, na kwa wale wanaofuata Kiingereza tu. Ni filamu nzuri. Si pa kuanzia.

Sasa namna ya kuonyesha. Jihadhari na nakala. Kamera nyingi za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono na kupiga picha chache kwa sekunde kuliko 24 zilizokuja kuwa kawaida wakati wa sauti, kwa hiyo nakala mbaya inawaonyesha watu wakirukaruka kama kuku. Wengi hudhani ndivyo zilivyotengenezwa, na wakazidharau kwa kosa la aliyenakili. Tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo, yenye picha safi na muziki uliopangiwa filamu hiyo. Ipakue mapema, kwa bando la usiku, uiweke kwenye flashi na kuijaribu yote kabla watu hawajaja, maana filamu ya kuchekesha inayokatika kila dakika haichekeshi tena. Spika iwe na nguvu ya kutosha, lakini muziki usizidi sauti ya vicheko. Onyesha usiku, au kwenye chumba chenye giza, kwa sababu picha nyeusi na nyeupe ikipigwa na mwanga hupoteza nusu ya uhai wake. Na usimwonyeshe mtu mmoja mmoja kwenye simu. Kicheko kinaambukizwa. Chaplin na Keaton walipima filamu zao kwa kuzionyesha mbele ya ukumbi uliojaa na kusikiliza watu wanacheka wapi, kisha wakakata palipokuwa kimya. Filamu hizi zilipangwa zikiacha nafasi ya kucheka, na nafasi hiyo mbele ya mtu mmoja huonekana kama uzembe.

Kuhusu mfasiri, tunao utamaduni wetu wa kujivunia. Marehemu Derek Mukandala, Lufufu, aliwafanya maelfu ya watu wa mabanda ya video wazielewe filamu za ng'ambo kwa kuzisimulia upya kwa Kiswahili, na wafuasi wake wapo hadi leo. Ila mbele ya filamu bubu mfasiri ajizuie. Asome kwa Kiswahili maandishi yanayotokea kwenye skrini, kisha anyamaze. Akianza kueleza Keaton anafanya nini, atakuwa amewanyima watu furaha ya kugundua wenyewe. Na kuhusu haki: kwa sheria ya Marekani filamu zilizotoka hadi mwaka 1929 zimekwisha kutoka kwenye hakimiliki, kwa hiyo The General iko huru huko, ingawa muziki uliotungiwa nakala mpya unaweza kuwa na mwenyewe. Modern Times na The Music Box bado zina wenyewe. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ukitaka kutoza kiingilio, mwone kwanza afisa utamaduni wa halmashauri akueleze utaratibu. Kuangalia na familia yako sebuleni ni jambo jingine.

Wapo watakaosema vijana hawavumilii picha isiyo na rangi. Lakini vijana hao hao wanamwangalia Mr. Bean kwenye basi kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha, na Mr. Bean hasemi karibu chochote; Rowan Atkinson anayemwigiza amekiri deni lake kwa Tati. Wanachokataa vijana ni kuchoshwa, na dakika tano za kwanza za The Music Box hazichoshi. Pingamizi zito zaidi ni lile la dharau. Baadhi ya filamu hizi zinawadhalilisha watu weusi. Katika Seven Chances ya 1925 na College ya 1927, Keaton anatumia vichekesho vya weupe waliojipaka rangi nyeusi, na haifai kuyapamba hayo. The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980, iliyopendwa sana kwetu, ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, na inamchora mtu wa jamii ya Wasani kama mtoto asiyejua dunia. Jibu langu ni kwamba mwenye kuonyesha aangalie kwanza peke yake. Ziko filamu za kutosha zisizo na uchafu huo, na hakuna anayelazimika kuonyesha kila kitu cha mtu kwa sababu tu alikuwa na kipaji. Kipimo ni kile kile: filamu inasimama upande wa nani? Ikimcheka mnyonge kwa kuwa ni mnyonge, iache.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: tunao wetu, ya nini kwenda kwa Chaplin? Nakubali sehemu ya kwanza. Kwa kweli ningeanza jioni kwa kipande cha Majuto, watu wacheke, kisha niweke Laurel na Hardy, ili waone kwa macho kwamba ni kazi moja. Tunayo pia historia ndefu kuliko tunavyoisimulia: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mtu wa shamba anayeingia mjini, na mtu huyo wa shamba hajatoka kwenye vichekesho vyetu tangu hapo. Lakini Chaplin anaweza kuonekana leo usiku Manundu kwa sababu kuna watu waliotunza mikanda yake. Wengine hawakubahatika. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za nchi hiyo, kiasi cha 70 kwa 100 zimepotea kabisa. Hiyo ni nchi yenye fedha na maghala. Michezo ya jukwaani na kanda za video za wachekeshaji wa Tanga ziko kwenye makabati ya watu, kwenye joto na unyevu wa pwani, na kanda ya sumaku ikishika ukungu ni vigumu kuiokoa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na kanda ya zamani ya Majuto, ya mchekeshaji Mzee Small au ya kikundi chochote cha maigizo cha mkoa huu, itafutie fundi mwenye mashine ya kucheza VHS mwezi huu huu, ihamishe kwenye kompyuta, weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, na uandike juu yake majina ya waigizaji unaowatambua wakati wazee wanaowakumbuka bado wapo wa kuulizwa.